Kutengeneza nyumba za wazee wasio na uwezo Bukavu: anzieni kwa jirani wa juu

Ndugu, umeuliza wewe na wenzako wa kanisani mwanzie wapi, kwa akiba ndogo mliyoichanga, kutengeneza nyumba za wazee wenye parsele (viwanja) zao lakini wasio na uwezo. Nakujibu kwa yaliyotupata sisi Kadutu, komine mojawapo ya Bukavu, ambako kazi hiyo tuliianza vibaya.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya koko (bibi mzee) mmoja mjane. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa na ufa ambao, kwa maneno yake, ulitokana na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Tuliuziba kwa saruji, tukapaka chokaa, tukapiga na picha. Mwezi wa Novemba ufa ulifunguka tena, vidole viwili vikawa vinaingia, kwa sababu maji ya paa la jirani anayekaa juu yake mlimani yalikuwa yakimwagika nyuma ya nyumba ile na kuula udongo chini ya msingi. Ugonjwa ulikuwa kwenye manjanja, yaani mabati ya paa, ya mtu mwingine, tena mtu mwenye gari. Tulimwendea pamoja na shefu wa avenue (kiongozi wa mtaa), jirani akakubali kufunga mfereji wa bati, nasi tukajenga kwa mawe mtaro unaofika hadi barabarani, maana mtaro unaoishia njiani humhamishia tu anayekaa chini balaa lile lile. Ndiyo maana siku hizi nyumba huwa tunaikagua mvua ikinyesha, tukisimama nyuma yake, si sebuleni kwa chai.

Baada ya maji, umeme. Katika nyumba za mbao zilizobanana, tafuteni waya mwembamba wa redio uliosokotwa na mwingine, ukafungwa kwa plastiki ya mfuko, kisha ukabebeshwa resho (jiko la umeme). Tazameni pia kama kwenye fyuzi hamkuwekwa kipande cha waya wa kawaida. Waya wa milimeta za mraba 2.5 na disjonta nzima (swichi inayokata umeme ukizidi) vitangulie rangi ya ukuta. Choo kinachoelekea kubomoka nacho kisingoje.

Kabla ya kununua chochote, ulizeni karatasi. Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya mwaka 1973 ardhi ni ya Serikali, na mwenye nyumba hulindwa na hati ya usajili, lakini wazee wengi wana karatasi ya kuuziana tu. Kwa mjane mmoja, shemeji alijitokeza mara tu bati jipya lilipopigwa, akitaka kuuza. Sasa familia nzima hutia sahihi kwanza mbele ya shefu. Karatasi hiyo haichukui nafasi ya hati, lakini hupunguza tamaa.

Fedha taslimu hatumpi mtu; tunanunua vifaa, na wajukuu hubeba mchanga. Saruji msiinunue wakati wa mvua: mvua hupungua Juni, na ukuta uliopigwa lipu mwezi huo huwa umekauka kabla mvua za Septemba hazijarudi.