Kumdhamini mume au mke mpya Kanada: majibu kwa wasomaji

*Ninaishi Toronto. Mwaka jana nilimwoa mke wangu aliyeko Tanga. Sikuweza kusafiri, hivyo kaka yangu aliniwakilisha mbele ya shehe nami nikafuatilia kwa simu. Hati ya ndoa tunayo. Je, inatosha kumdhamini ili apate ukaazi wa kudumu?*

Haitoshi, na ni afadhali uambiwe sasa kabla hujalipa ada. Tangu tarehe 11 Juni 2015, kanuni za uhamiaji za Kanada hazitambui ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuhudhuria mwenyewe, iwe ilifungwa kwa uwakilishi, kwa simu au kwa intaneti, hata kama ni halali kabisa katika nchi ilikofungwa. Sheria hiyo haiitii dosari nikahi yenu mbele ya Mungu wala mbele ya wazee. Inachokataa ni kuitumia kama msingi wa ukaazi wa kudumu.

Njia iliyo wazi zaidi ni kusafiri, kumweleza msajili wa ndoa ukweli wote, na kufunga upya ndoa mkiwa wote wawili mmehudhuria. Kwa kuwa katika harusi zetu za pwani bibi harusi mara nyingi hubaki ndani huku walii wake akimwozesha, nawasihi mhakikishe kwamba yupo mahali pale pale, kwamba anatia sahihi kwa mkono wake, na kwamba picha zinawaonyesha nyote wawili pamoja na mashahidi. Katika fomu elezeni pia ile shughuli ya kwanza, kwa sababu tarehe mbili zisizo na maelezo humtia afisa shaka. Wenzi waliokwisha kuishi pamoja mfululizo kwa miezi 12 au zaidi wanaweza kuomba kwa msingi huo bila kutegemea hati ya ndoa, lakini kwa maelezo yako ninyi bado hamjafika huko.

*Kipato changu ni kidogo. Nitakataliwa?*

Kwa kumdhamini mume au mke hakuna kiwango cha chini cha mapato, isipokuwa pale ambapo mtoto tegemezi katika ombi naye ana mtoto wake. Hata hivyo, hutakubaliwa ikiwa unapokea msaada wa ustawi wa jamii kwa sababu nyingine isiyo ulemavu. Ahadi ya kumtunza mwenzi wako, unayotia sahihi, hudumu miaka 3 tangu apate ukaazi, na talaka haiifuti: akipokea msaada huo ndani ya muda huo, utadaiwa wewe. Mkazi wa Quebec hutoa ahadi kwa serikali ya jimbo hilo, kwa utaratibu wake.

*Mke wangu ana mtoto wa miaka 6 anayelelewa na bibi yake Bukoba, na hatukusudii kumleta kwa sasa. Je, ni lazima tumtaje?*

Ni lazima kabisa, na hapa ningependa kila msomaji asimame kidogo. Mtoto huyo aandikwe katika fomu za mama yake kama mtoto asiyesafiri, na apimwe afya na daktari aliyeidhinishwa, hata kama atabaki Bukoba. Mtoto ambaye hakutajwa wala kupimwa mama yake alipoomba ukaazi hawezi baadaye kudhaminiwa na mama huyo kama mwanafamilia. Ni kweli kwamba tangu tarehe 9 Septemba 2019 uko utaratibu maalumu wa kuwanusuru baadhi ya watu waliofikwa na hali hiyo, lakini ni wa muda na una masharti. Familia nyingi huwaficha watoto kwa kuona haya, au kwa sababu jamaa fulani amewaambia kwamba ombi lenye mtoto huchelewa. Ushauri huo umetenganisha watoto na mama zao, na tena uongo katika ombi unaweza kumzuia mwombaji kuingia Kanada kwa miaka 5.

*Nina mke hapa Ottawa. Naweza kumdhamini mke wa pili?*

Huwezi. Mtu aliyeolewa wakati mwenzake bado yumo katika ndoa nyingine hahesabiwi kuwa mke kwa sheria za uhamiaji.

*Afisa amelikataa ombi letu akisema ndoa yetu si ya kweli. Tuanze upya?*

Kama mwenzi wako aliombewa akiwa nje ya Kanada chini ya kundi la familia (family class, yaani jamaa wanaodhaminiwa), wewe mdhamini una siku 30 tangu upokee uamuzi kukata rufaa katika kitengo cha rufaa za uhamiaji, na huko mnaruhusiwa kuleta ushahidi mpya. Tafuteni wakili mapema. Pelekeni taarifa za M-Pesa, tiketi za safari na barua za wazazi wa pande zote mbili. Mazungumzo yenu ya simu yaliyo kwa Kiswahili yatafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa na mtu asiye ndugu yenu. Kurasa chache zilizochaguliwa katika miezi tofauti zitasomwa kwa makini zaidi kuliko mamia ya kurasa za salamu.