Re: Mdogo wangu alitoka soba amepona, mbona karudia unga?

Dada umesema mdogo wako alirudi kutoka soba hausi (nyumba ya kuachia madawa) kanenepa, anaswali, hata mwezi haujaisha kabwia tena unga, yaani heroini, na mama anasema kalogwa. Mi nimekula unga miaka mingi hapa hapa Dar, saivi niko kwenye methadoni, dawa ya hospitali ya kutuachisha unga, so nakujibu kwa ninachokijua.

Watu wanachanganya arosto na uteja. Arosto ni ya mwili, masaa machache tu tangu kete (kipakiti cha unga) ya mwisho unaanza miayo, makamasi na machozi yanajitokea, vinyweleo vinasimama, tumbo linafunguka, mifupa ndo usiseme. Siku ya pili ya tatu ndo noma yenyewe, ila wiki ikikatika imeshapungua sana. Kwa hiyo huyo wenu arosto ilimuisha zamani akiwa soba, nyie mkaona kapona. Kilichobaki ni uteja, uko kichwani na huo hauna wiki.

Ubongo una kemikali inaitwa dopamini, kazi yake kubwa ni kukwambia hiki kitu ni muhimu, kikariri, kesho kitafute. Chakula kinaitoa kidogo, unga unaimwaga, sasa ukirudia rudia ubongo unakariri na vyote vilivyokuwepo pembeni, ile foili, harufu ya kiberiti, jamaa wa kona, hata kushika hela tu jioni. Mi mpaka leo kuna kichochoro nikipita tumbo linasokota na mate yanajaa mdomoni wakati hata sikuwa nawaza unga, yaani mwili ushafika kijiweni kichwa hakina habari. Soba hayo yote hayapo ndo maana alitulia, nyie mkamrudisha chumba kile kile mtaa ule ule. Alafu miezi ya mwanzo bila unga hakuna kinachonoga, pilau sawa na ugali mkavu, mpira hauangaliki, mtoto wako anakuchekea hujisikii kitu. Ukimuona kajilaza siku nzima hiyo sio dharau, na akisema bora afe usichukulie utani, mpelekeni akaonwe.

La kuogopa zaidi ni hili. Akikaa muda bila unga mwili unapoteza uzoefu, kile kipimo chake cha zamani sasa kinaweza kumkata pumzi, hasa akichanganya na pombe au valiamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi). Wengi niliowazika walikuwa wametoka soba au jela karibuni. Mkimkuta kalala anakoroma ajabu, midomo imebadilika rangi, haamki, msiseme tumwache alale, mlazeni ubavu na hospitali muda huo huo.

Kuhusu wanaosema methadoni ni kubadilisha unga kwa unga, hapana. Muhimbili walianza 2011, baadae Mwananyamala na Temeke. Unakunywa kila siku mbele ya nesi na anakuongelesha ahakikishe umemeza. Inakaa pale pale unga ulipokuwa unakaa kwenye ubongo, ila inapanda taratibu na inadumu siku nzima na zaidi, so dozi ikishakaa sawa hupati stimu na hupati arosto, unaenda kibaruani kama watu. Wanaanza na dozi ndogo wanapandisha mdogo mdogo, mwanzoni atalalamika haimtoshi, mvumilieni. Kama ana TB au yuko kwenye ARV aseme mapema, maana rifampisini, dawa ya TB, inafanya methadoni iishe mwilini haraka, kuna mshikaji wangu alikuwa anatetemeka usiku kucha, kwao wakaona anatafuta kisingizio cha kurudi kijiweni, kumbe ni dawa ya TB, dozi ikaongezwa katulia.

Kama mna ndugu upande mwingine wa mji ahamie huko, ila pawe karibu na kituo cha methadoni maana ni kila siku mpaka Idi na Krismasi. Mwanzoni asindikizwe na anayemsindikiza ndo ashike nauli. Na muwahi asubuhi, foleni ya sisi wa vibarua ni ndefu.