Mkanda bapa wa mashine: nguvu iko kwenye kitambaa

Anayetaka kutengeneza mikanda bapa ya mpira na kitambaa kwa mashine za Unguja na Pemba, fikra yake ianze kwenye turubai la pamba. Turubai ndilo linalovuta. Mpira kazi yake ni kuyashikanisha matabaka, kuyaacha yapinde pamoja kwenye puli, na kuyakinga na unyevu. Upasue mkanda uliokufa mapema kwenye mashine ya kusaga au ya kukunia nazi: mara nyingi utaona mpira wenyewe bado mzima, ila matabaka yameachana au yamenyooka yakalegea. Nyuzi za mtande, zile za urefu wa jora, lazima ziende kwa urefu wa mkanda bila kupinda. Zikienda upande hata kidogo, mkanda utakimbilia ukingo wa puli na hakuna marekebisho yatakayousaidia.

Kabla ya kugusa mkasi, piga hesabu. Chukua mota ya kilowati 5.5, mizunguko 1440 kwa dakika, puli ya kipenyo cha milimita 160, inayoendesha puli ya milimita 320, na umbali wa vituo, yaani kutoka katikati ya puli moja hadi katikati ya nyingine, ni milimita 800. Kasi ya mkanda ni 3.14 × 0.16 × 1440 ÷ 60, yaani mita 12 kwa sekunde. Mashine ya kusaga hushtuka kila inapolishwa, kwa hiyo zidisha nguvu kwa 1.4, upate kilowati 7.7. Turubai la kawaida la mikanda hubeba takriban kilowati 0.0118 kwa kila milimita ya upana, kwa kila tabaka, mkanda ukienda mita 5 kwa sekunde. Kwa mita 12 inakuwa 0.0283. Matabaka manne yatabeba 0.113, na upana unaohitajika ni milimita 68. Mkanda haukumbatii nusu nzima ya puli ndogo, unaishia kwenye digrii 168 hivi, basi ongeza kidogo: fanya 75.

Kwa nini usiweke matabaka sita na mkanda mwembamba zaidi? Kwa sababu ya ile puli ya 160. Kila mkanda unapopinda, tabaka la nje hunyooshwa na la ndani hubanwa, na mpira ulio kati yao huchukua msuguano wote. Mkanda wa mfano huu hupinda mara 10 kila sekunde, zaidi ya mara 36,000 kwa saa. Ukiwa mnene kupita kiasi hupata joto kwa ndani na matabaka huachana katikati, mahali ambapo jicho halioni. Matabaka manne kwa puli ya 160 ndiyo yanayofaa; kwa puli ya 100 shuka mpaka matatu.

Urefu: mara mbili ya umbali wa vituo, jumlisha vipenyo viwili ukizidisha kwa 1.57, jumlisha tofauti ya vipenyo ikizidishwa kwa yenyewe kisha kugawanywa kwa mara nne ya umbali wa vituo. Hapa ni 1600 + 754 + 8, sawa na milimita 2362. Punguza asilimia 1 ili mkanda ukae umekaza: 2338. Ongeza milimita 225 za kiungo, mahali ncha mbili zinapopandana, na hiyo ndiyo kata yako.

Sasa mpira. Kwa mashine ya unga, mpunga au mbao, mpira asilia unatosha na unashika vizuri. Mchanganyiko wa kuanzia, kwa uzito: mpira 100, masizi 30, oksidi ya zinki 5, asidi ya steariki 2, mafuta laini 5, kinga ya kuchakaa 1.5, salfa 2.5, kichapuzi cha CBS (dawa ya kuharakisha mpira kuiva) 1. Penye nazi usiutumie. Mafuta ya nazi huuvimbisha mpira asilia na kuulainisha mpaka ukanata mkononi. Hapo tumia kloroprini, mpira wa kiwandani unaovumilia mafuta zaidi: 100, na magnesia 4, oksidi ya zinki 5, masizi 30. Magnesia iingie mwanzo, zinki iingie mwisho kabisa rola zikiwa baridi, la sivyo mchanganyiko utaiva kabla haujafika kwenye kitambaa. Kichapuzi cha kloroprini kinachoitwa ETU, nusu sehemu tu, kina madhara kwa mtoto aliye tumboni. Nunua kile kilichofungwa ndani ya mpira, si cha unga, na mama mjamzito asifanye kazi chumba hicho. Penye mafuta ya karafuu, kama kwenye utoaji wa mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kule Wawi, Pemba, hata kloroprini haivumilii muda mrefu. Hapo weka ngao ya bati ili mafuta yasifike kwenye mkanda.

Unyevu wa visiwani ndio adui mkubwa wa karakana hii. Pamba hunywa maji ya hewani, na masika hunywa zaidi. Turubai likiingia presi (mashine ya kugandamiza kwa joto) na maji yake, maji hugeuka mvuke na kuacha malengelenge kati ya matabaka. Lipitishe kwenye silinda zenye joto la nyuzi zaidi ya 100, na lipakwe mpira likiwa bado na moto wake. Lililolala usiku kucha likaushwe tena. Upakaji hufanywa kwa rola tatu, ya kati ikizunguka kwa kasi zaidi ya nyingine, ili mpira usuguliwe ndani ya nyuzi badala ya kulala juu. Asiye na rola anaweza kuyeyusha mchanganyiko kwa tolwini, kiyeyushi kinachoshika moto upesi, na kupaka kwa brashi mara tatu, kila mkono ukauke kabisa. Chumba kiwe wazi pande mbili na moto usikaribie.

Panga matabaka, yabane ncha zote mbili kwa vibanio na uyavute kabla presi haijafunga. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo sababu mikanda yao hulegea wiki ya kwanza. Presi kilo 10 kwa sentimita ya mraba, nyuzi 150, dakika 20 kwa unene wa milimita 6. Kingo zilizokatwa zipakwe mpira wa maji, maana ukungu huanzia hapo.

Kiungo kiwe cha ngazi tatu, kila ngazi milimita 75. Kisu kisiguse tabaka la chini. Kiungo cha namna hii tayari kimepoteza tabaka moja kati ya manne, na kisu kikikwaruza la pili, mkanda utakatikia papo hapo. Jaribu mshikamano kwa kipande cha upana wa milimita 25: fungua matabaka mawili, ning'iniza kilo 7.5, na mwachano usizidi milimita 25 kwa dakika.

Wakati wa kufunga, puli iwe na upana wa milimita 90, mgongo wake ukiinuka katikati kama milimita moja, na kutu ya hewa ya bahari isuguliwe kwa msasa. Nyoosha uzi kwenye nyuso za puli mbili, uguse pote. Mwili wa mashine uunganishwe na waya wa ardhi, kwani mkanda huzalisha umeme na vumbi la unga hushika moto. Mkanda ukiteleza, usiumwagie lami wala utomvu: hushika kwa saa chache, halafu huokota vumbi na kuchuna uso wa mpira. Angalia kwanza mafuta, kisha mzigo, kisha ukaze. Na baada ya siku ya kwanza ya kazi, sogeza mota nyuma na uukaze tena kabla hujaiwasha asubuhi.