Mkusanyiko au milima? Ukija Nyanda za Juu Kusini, iache njia kuu

Mkuu, umeuliza hivi: unatoka Dar na pikipiki ya cc 150, likizo yenyewe fupi, shemeji anataka kupanda nyuma, na marafiki wanakuvuta muingie kwenye msafara wa kuja mkusanyiko wa waendesha pikipiki Mbeya mjini. Uwafuate, au uzunguke mwenyewe? Mimi niko Uyole, pembeni ya Mbeya mjini. Mikusanyiko nimehudhuria, na milima naizunguka kila nikipata upenyo. Zunguka.

Tatizo langu na mkusanyiko siyo nyama choma wala muziki. Ni njia. Msafara unashika TANZAM, barabara kuu ya Dar kwenda Zambia, mwanzo mpaka mwisho, na kwa mtu anayetafuta raha ya kuendesha, hiyo ndiyo barabara ya mwisho kuichagua huku kwetu. Sisemi lami mbovu, nasema malori. Unapanda mlima Kitonga nyuma ya lori la kwenda Zambia linalotambaa, moshi wote wako, yanayoshuka yananuka breki, na kuovateki kwenye kona zile ni kujitafutia msiba. Juu ya hapo mwendo si wako: wenye mashine kubwa wameshapotea, wa pikipiki ndogo kama Boxer wako nyuma, mnasubiriana Ipogolo, Iringa, mpaka jua linawaka, kisha misitu ya Sao Hill mnaipita mbio kufidia muda. Mtu anarudi Dar anasema ameiona Mbeya, kumbe ameona sahani za namba za wenzake.

Vizuri vya huku vimekaa kwenye michepuko. Makambako unakata kushoto kwenda Njombe, na ukiendelea hadi Ludewa utakutana na kipande cha barabara ya zege, kona juu ya kona. Mbeya kwenda Chunya unapanda safu ya Loleza, na ukifika juu bonde lote la upande wa pili linafunguka mbele yako. Ila ukinipa siku moja tu nikuchagulie, nakupeleka Chimala, mji mdogo wa njiani kabla ya kufika Mbeya.

Pale Chimala unaiacha lami na kuukwea ukuta wa mlima kuelekea Matamba. Wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona. Unapanda kwa gia ya kwanza na ya pili, mara chache ya tatu. Changarawe inajikusanya upande wa nje wa kona, hapo ndipo tairi la mbele linapoteleza, kwa hiyo baki kwenye alama za magurudumu ya magari na piga honi kabla ya kila kona, maana malori ya viazi yanashuka yamejaza na hayana pa kukukwepea. Kila ukigeuka, bonde la Usangu limeshuka zaidi. Mashamba ya mpunga yaliyojaa maji yanametameta. Simama upige picha, hata injini ipoe.

Juu ni Kitulo, zaidi ya mita 2,600, hifadhi ya taifa tangu 2005, watu wanaiita Bustani ya Mungu. Maua ni Desemba hadi Aprili. Tatizo ndiyo miezi ya mvua hiyo hiyo, na tope la Hamsini na Saba halina utani. Juni na Julai barabara kavu, lakini asubuhi kuna jalidi kwenye nyasi na vidole vinakufa ganzi kwenye klachi. Pikipiki yako itakosa nguvu kule. Usianze kufungua kabureta: hewa ni nyepesi, mchanganyiko unazidi petroli, ukishuka inarudi yenyewe. Jaza tangi Chimala. Huko juu utategemea petroli ya chupa.

Kurudi, usishukie ulikopandia. Pitia Kikondo mpaka Isyonje, utokee kwenye lami ya Uyole–Tukuyu.

Haki ya mkusanyiko nayo niitoe. Kama hujawahi kusafiri mbali na pikipiki, pale utajifunza kwa jioni moja kukaza cheni, kuziba pancha na kufunga mizigo vizuri kuliko kusoma mwezi mzima, na utapata namba za mafundi wa njiani, ambazo nimezitumia mimi mwenyewe. Hata Sturgis, ule mkusanyiko wa South Dakota, Marekani, ulioanza 1938, watu wengi wakiamka wanatoka kuzunguka barabara za Black Hills. Kwa hiyo ukishindwa kuwakatalia marafiki, lala nao usiku mmoja, alfajiri waage.

Kuhusu shemeji: Uyole–Tukuyu–Kyela mpande wote, ni lami. Mnaondoka na makoti, mnapita migomba na chai chini ya mlima Rungwe, mnachepuka kuona Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba juu ya mto Kiwira, na mkifika Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa makoti yako kwenye begi. Tukuyu mvua hainaga ratiba, beba makoti ya mvua mawili. Hamsini na Saba kwa cc 150 na watu wawili, hapana. Apande gari la abiria hadi Matamba, mkutane juu. Na kushuka popote huku, shusha kwa gia. Breki za nyuma ukizikanyaga kutwa zitakuishia katikati ya mteremko.