Chachu Iliyobaki Ipikie Keki ya Chokoleti

Anayefuga chachu ya mkate nyumbani, yaani unga na maji vilivyoachwa vichache vyenyewe bila hamira ya dukani, anajua kwamba inakula unga kuliko mkate unaotoka. Kila ukiilisha unga na maji mapya, lazima kwanza upunguze sehemu, la sivyo itajaa chupa na kumwagika. Hapa Mombasa ndio zaidi, kwa sababu joto letu linaifanya ichache upesi na kutaka kulishwa upya. Unga wa ngano una bei yake, na kumwaga chakula kwenye sinki ni jambo ninaloliona zito. Kwa hivyo ile ninayoipunguza naiweka kwenye chupa ndani ya friji, na ikitosha naipikia keki ya chokoleti. Sijaonja keki ya chokoleti ninayoipenda kuliko hii.

Chachu iliyokaa ina asidi, kama mtindi. Asidi hiyo ikikutana na bekingi soda hutoa gesi, na gesi ndiyo inayoinua keki. Maana yake ni kwamba hapa huhitaji chachu yenye nguvu ya kuumua mkate. Hata iliyolala friji na kunywea inafaa, mradi haijaharibika. Faida nyingine iko kwenye ladha: mlaji hahisi uchachu, ila chokoleti inakolea na utamu haukinaishi. Mtu akila kipande cha kwanza anaweza kula cha pili.

Ndani ya friji mimi siiweki zaidi ya wiki moja. Ikitoa maji ya kijivu juu usishtuke, yakoroge humo humo au yamwage. Lakini ukiona rangi ya waridi au ya chungwa, au ukungu hata kidogo, tupa yote na uoshe chupa kwa maji ya moto. Usikwangue juu ukatumia ya chini.

Kwa bati la duara la sentimita 20, nachukua gramu 120 za chachu iliyolishwa unga na maji kwa uzito sawa, gramu 120 za unga wa ngano na mililita 100 za tui zito. Maziwa pia yanafaa, ila tui linaiacha keki laini hata siku ya pili. Changanya vitatu hivi, funika, uache. Maelekezo mengi ya Ulaya na Marekani yatakwambia usubiri saa mbili hadi tatu. Yameandikwa kwa jiko lenye ubaridi. Kwetu, kaskazi ikiwa imeshika na nyumba ina joto la nyuzi 30 na zaidi, saa moja yatosha. Wakati wa kusi ongeza nusu saa. Usitazame saa peke yake: tazama vipovu vidogo juu na unuse, harufu iwe ya mtindi. Ikianza kunukia siki umechelewa kidogo, endelea upesi.

Wakati huo chekecha gramu 35 za kakao. Usiruke hatua hii, kwa sababu unyevu wa Pwani huifanya kakao ishikane madonge. Imiminie mililita 60 za kahawa chungu ya moto, isiyo na tangawizi, ukoroge. Harufu itapanda mara moja na utapata uji mweusi unaong'aa. Uache upoe, kisha tia gramu 150 za sukari, mililita 100 za mafuta ya kupikia, yai moja kubwa, vanila kijiko kidogo na chumvi nusu kijiko kidogo. Iliki najua mtaniuliza. Mimi iliki naiachia mkate wa mayai na mkate wa kumimina, hapa inagombana na kahawa. Mdalasini kidogo unakubali.

Sasa unganisha sehemu mbili, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Ule mchanganyiko wa unga umevutika kama ulimbo, na ukiumiminia kakao unajikunja nyuzi nyuzi, weupe huku, weusi kule. Usiwashe mashine. Chukua mwiko, tia kakao kidogo kidogo, korogea pembeni mwa bakuli kwa utulivu, na nyuzi zitakatika zenyewe mpaka rangi iwe moja. Ukiupiga kwa nguvu keki itakuwa ngumu kama mkate.

Bekingi soda iwe ya mwisho: robo tatu ya kijiko kidogo, iliyochekechwa. Usiongeze kwa kudhani chachu yako ni kali, kwa maana ikizidi keki huwa na ladha ya sabuni. Wala usitie magadi ya kulainishia maharagwe badala yake. Ukishakoroga, mimina kwenye bati lililopakwa mafuta na uingize jikoni hapo hapo, gesi haingoji. Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 175, na keki ikae dakika 30 hadi 35.

Asiye na oveni asijinyime. Fanya kama mkate wa mayai: sufuria nzito iliyopashwa moto, bati ndani yake, kifuniko cha bati juu, makaa mengi juu ya kifuniko na machache chini. Ukiweka makaa mengi chini, sukari na kakao zitaungua kabla ya katikati kuiva. Chungulia baada ya dakika 25, si kabla, kisha uchome kijiti katikati. Kikitoka na chembe mbili tatu zilizoshikana, itoe. Ukingoja kitoke kikavu kabisa, keki imeshakauka.

Iache ipoe ndani ya bati kabla ya kuigeuza. Siku hiyo hiyo ni tamu, lakini mimi naiona bora kesho yake, chokoleti ikishatulia. Ukiifunika vizuri itakaa mezani siku moja. Kama umetumia tui, siku ya pili ipeleke kwenye friji, na uitoe nusu saa kabla ya chai, kwa sababu ikiliwa baridi huonekana nzito kuliko ilivyo.