Hamonika yangu haitaki kulia

SWALI: Mambo vipi kaka, niko Kirumba Mwanza, nina hamonika (kinanda cha mdomo) ya C ya matundu 10, nataka ile sauti ya muziki wa bluzi inayoshuka kama mtu analia, navuta kwa nguvu weee inakwama tu. Nifanyeje?

JIBU: Hizo nguvu ndo zinakuponza mdogo wangu. Anza na tundu la 4, vuta pumzi taratibu, halafu hukohuko unavuta rudisha ulimi nyuma kama unatoka "ii" unaenda "uu", noti yake ya D itashuka nusu hatua hadi D flati (majirani wakichoka hamia kwenye mawe ya ziwani). Tundu la 3 liache kwanza, lina sauti tatu za kushusha, linasumbua hata wazoefu. Na bluzi ipigie kwenye ufunguo wa G kwa hamonika hiyohiyo ya C, sio kwenye ufunguo wa C.