Kwa nini gemu la Steam huku Bongo lina bei ya Marekani

Mkuu, umeuliza kwa nini gemu ulilonunua kwa dola 60 jamaa yako wa Cairo kalipata kwa bei ya chini kabisa, na kama kuna ujanja wa kuipata bei hiyo. Njia hiyo nimeshaipita, tena kwa hasara.

Steam, duka la gemu la mtandaoni la kampuni ya Valve, ina orodha ya sarafu inazouzia. Randi ya Afrika Kusini imo, rupia ya India imo, shilingi haimo, iwe yetu au ya Kenya. Nchi yetu, kwa kuwa sarafu yake haimo, inatupwa kwenye kapu la dola, na hapo unalipa sawasawa na mtu wa Texas. Piga hesabu kwa dola ya shilingi 2,500: laki na nusu. Mimi nilivyokuwa Mbagala hiyo ilikuwa kodi ya chumba miezi mitatu.

Sasa, tangu Novemba 2023 kuna makapu mengine mawili ya dola yenye bei za chini, moja la Amerika ya Kusini na ya Kati, jingine la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Misri na Moroko wamo kwenye hilo la pili. Dola ni ileile, bei si ileile. Na bei yenyewe anaipanga mwenye gemu. Valve wanampa mapendekezo tu, akitaka anayafuata, asipotaka anayaacha.

Makapu hayo yalikuja baada ya watu kuuchezea mfumo. Peso ya Argentina na lira ya Uturuki zilikuwa zinaporomoka, gemu kubwa likawa linauzwa kwa thamani ya dola chache tu, basi kila mwenye VPN, yaani programu ya kuficha ulipo, akawa ghafla mkazi wa Buenos Aires. Oktoba 2022 Valve wakapandisha bei pendekezwa za nchi hizo mbili kwa zaidi ya asilimia 400, na mwaka uliofuata sarafu zote mbili zikaondolewa. Walioumia ni wenyeji, ambao hawakudanganya mtu.

Na mimi nilikuwemo kwenye hayo mambo, nakiri. Mwaka 2021 nilinunua akaunti "ya Uturuki" kwa jamaa wa kundi la WhatsApp, elfu 60, ndani ina gemu tatu. Nimecheza kama mwezi hivi, siku moja nywila inakataa. Kumbe barua pepe ya akaunti ilikuwa yake, kabadilisha kila kitu na kundini kanitoa. Mbuzi kwenye gunia, nikaambiwa na mdogo wangu, na hadi leo ananicheka.

Siku hizi kubadili nchi kunataka njia ya malipo ya nchi hiyo, na huruhusiwi zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu. Kutumia VPN kudanganya ulipo kunavunja mkataba, wakikubaini akaunti yako iko hatarini. Zawadi nayo ina mpaka: binamu yangu wa Johannesburg alijaribu kunitumia gemu, ikagoma kwa sababu tofauti ya bei ilikuwa kubwa mno.

Ninachofanya sasa ni kusubiri. Punguzo la kiangazi cha wenzetu linakuja mwishoni mwa Juni, jingine nusu ya pili ya Desemba, na gemu la miaka miwili mitatu mara nyingi linashuka nusu au zaidi. Ukitaka kuona kila nchi inalipa ngapi, fungua tovuti ya SteamDB, ila andaa moyo. Epic, duka jingine la gemu, nao wanatoa gemu la bure kila wiki, mengine ya maana kabisa. Hapo gharama yako ni bando tu, ambalo kwa gemu la GB 100 si mchezo.

Hilo lako umelicheza kwa muda gani? Kama hujavuka saa mbili za kucheza na siku 14 hazijapita tangu ununue, omba urudishiwe hela leo, halafu lisubiri Desemba.